Msikizi wa Hilali

Hilali alipouchukua mpira upande wa kulia na kumwacha beki wa kwanza akigeuka peke yake, banda zima la Bwana Kagoma lilisimama. Hawakusimama kwa kushangilia tu. Miguu yao yenyewe ilitaka kukimbia. Wauza dagaa, mafundi pikipiki, walimu na wachuuzi wa Ujiji, wote walikuwa wamevaa mavazi meusi ya kampuni ya Mshipa, yanayobana mwili kuanzia shingoni hadi vifundoni, na kila kilichopita katika misuli ya Hilali kule kwenye uwanja wa jangwani kiliwafika wao papo hapo: upepo usoni, nyasi zikiteleza chini ya njumu, mapafu yakijaa na kutoka.

Uwanja wenyewe haukuwa na kiti hata kimoja. Penye majukwaa ya zamani palikuwa na kuta nyeupe zilizojaa vinasa. Hakuna aliyekuwa akisafiri tena kwenda kutazama Kombe la Mabara, na vijana wengi waliamini wazee wanatia chumvi wanaposema kwamba zamani watu walipanda ndege kwenda kukaa juani na kuupigia mpira kelele kwa mbali.

Siwema, dada yake Hilali, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Vazi lake lilikuwa jekundu. Katika Ujiji nzima lilikuwa moja tu la rangi hiyo, na lilimfanya asalimiwe hata na watu waliokuwa wakimdai mume wake marehemu. Yeye alikuwa msikizi wa Hilali. Miaka kadhaa nyuma mchezaji mmoja alikimbia hadi moyo ukapasuka, bila yeye mwenyewe kusikia chochote, na watu walipoandamana ndipo sheria ikatungwa: kila mchezaji awe na ndugu mmoja anayeusikia mwili wake wote kama ulivyo, na ndugu huyo peke yake awe na uwezo wa kuukata mfumo wa Mshipa mwilini mwake. Kampuni iliichukia sheria hiyo, lakini iliwakarimu sana wasikizi. Iliwaalika Dar es Salaam wakae ukumbini kwenye makochi, wapewe vinywaji. Siwema alikataa. Alisema atamsikiliza mdogo wake akiwa kwao.

Beki wa pili wa Peru aliteleza. Njumu yake iliukosa mpira na kutua juu ya muundi wa mguu wa kulia wa Hilali, katikati, kwa uzito wa mwili mzima.

Banda liliguna, kisha likacheka. Watazamaji hawakupewa maumivu. Walipewa mtekenyo tu, ili wajue kwamba jambo limetokea. Baba mmoja alijikuna mguu akamwambia jirani yake kuwa huyo Mperu amemgusa vibaya, na wote wawili wakacheka tena.

Siwema hakucheka. Hilali alikuwa ameinuka, amempungia mwamuzi mkono, ameanza kukimbia. Lakini alikuwa akiutua mguu wa kulia kwa pembeni, kama mtu anayekanyaga changarawe. Mama yao alifariki Hilali akiwa bado anatambaa. Siwema ndiye aliyemshika mikono akasimama. Hakuhitaji kuambiwa na mtu jinsi anavyotembea.

Alimgeukia Nyamizi, rafiki yake wa siku nyingi, aliyekuwa ameketi kando yake.

"Shoga, pale alipokanyagwa, wewe umesikia nini?"

"Kama mtu amenipitishia unyoya."

"Unyoya tu?"

"Unyoya tu. Kwani wewe je?"

Siwema alijishika mguu juu ya kitambaa chekundu. "Na mimi hivyo hivyo," alisema, na alipojisikia akiyasema maneno hayo, akainuka kwa hasira.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akasimama kwenye kijia kati ya ukuta wa mabati na kibanda cha muuza chapati. Simu ya msikizi haikuwa na namba. Uliiwasha tu, na upande wa pili alikuwepo ofisa wako. Wake aliitwa Lwitiko, kijana mwenye sauti laini, ambaye tangu Kombe lianze alikuwa akimpigia kila asubuhi kumjulia hali.

"Shikamoo, Bi Siwema. Hongera kwa mchezo mzuri."

"Vazi langu mmelifanya nini?"

"Lina hitilafu?"

"Usinizungushe, mwanangu. Mdogo wangu amekanyagwa mfupa, nami nimetekenywa. Mimi si mtazamaji. Nimeuliza, mmelifanya nini?"

"Aa. Hilo ni jambo la kawaida, Bi Siwema. Tangu hatua ya makundi, kampuni imewawekea wasikizi wote kiwango cha staha. Wengi wenu ni watu wazima, wengine wana shinikizo la damu. Tuliona si ubinadamu kuwaachia maumivu makali namna ile."

"Nani aliwaomba?"

"Ni kwa ajili ya afya zenu."

"Nimekuuliza nani aliwaomba. Sheria inasema nisikie. Mmenikalisha pale mbele na nguo nyekundu kama bibi harusi, watu wananipa heshima, kumbe nimevaa tambara. Hilali anajua?"

"Wachezaji hawasumbuliwi na mambo ya kiufundi."

"Nirudishie."

"Bi Siwema, nakushauri kwa nia njema..."

"Nirudishie mguu wa mdogo wangu."

Alisikia Lwitiko akishusha pumzi, kisha vidole vikigonga mahali. Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu. Muuza chapati aligeuza chapati yake. Halafu mguu wa kulia wa Siwema ukapasuka.

Ndivyo alivyoona mwenyewe, kwamba umepasuka. Aliegemea mabati, mabati yakalia, na muuza chapati akamkimbilia akidhani ameumwa na nyoka. Maumivu hayakuwa yamekaa mahali pamoja. Kila Hilali alipotua mguu yalipanda kutoka kwenye muundi hadi nyongani, yakashuka, yakapanda tena, na ndani yake mlikuwa na kitu kingine kidogo kilichomtisha kuliko maumivu yenyewe: vipande viwili vikisuguana.

Na Hilali alikuwa anakimbia. Siwema aliusikia moyo wake ukidunda kwa furaha.

Mfumo wa Mshipa ulifanya kazi kwa utando mwembamba unaopandikizwa kando ya uti wa mgongo. Kila ujumbe unaopanda kutoka mwilini kwenda kichwani ulipita hapo kwanza. Mwendo, joto, jasho na raha viliachwa viendelee na safari, na nakala zake zikarushwa kwa watazamaji. Maumivu yaligeuzwa njia. Hayakumfikia mchezaji kabisa. Kampuni iliuita ulinzi, na katika matangazo yake walionekana wachezaji wakitabasamu huku wakifungwa bendeji.

Wakati wa mapumziko sheria ilimruhusu msikizi kuzungumza na mchezaji wake. Sura ya Hilali ilijitokeza kwenye simu, imelowa jasho, inang'aa. Walikuwa sare ya bao moja kwa moja. Nchi yao haikuwahi kufika robo fainali tangu Kombe lianzishwe.

"Dada. Umeona ile chenga?"

"Nimeiona. Hilali, mguu wako umevunjika."

Alicheka. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ninao hapa. Walikuwa wamenizibia, nimewaambia wafungue. Mfupa umepasuka, mdogo wangu, na unasugua."

"Daktari ameupiga picha sasa hivi. Ameona uvimbe tu."

"Mashine ya nani?"

Mashine zote zilikuwa za Mshipa, kama zilivyokuwa njumu, na maji, na nyasi.

"Dada, nisikilize. Mimi sisikii kitu. Niko sawa kabisa. Naruka, nageuka, napiga."

"Ndiyo ninachokwambia. Wewe husikii. Mimi ndiye ninayesikia."

"Basi nivumilie." Aliisogeza simu karibu na uso, akashusha sauti, na Siwema akamwona yule mtoto aliyekuwa akiomba aongezewe muda wa kucheza wakati chakula kimeshaiva. "Kipindi kimoja tu. Najua unaumia, na nikirudi nitakubeba mgongoni Ujiji nzima. Lakini mimi nimeungoja mchezo huu maisha yangu yote. Ukinikatia leo, Dada, usinitafute tena. Nasema kweli."

"Na mguu ukikatika?"

"Ni mguu wangu."

Ulikuwa mguu wake kweli. Alikuwa mtu mzima, ametia saini mwenyewe. Siwema alibaki ameishika simu iliyozimika, akijiuliza mtu anawezaje kuamua juu ya kitu ambacho amenyimwa kukijua. Hilali angekuwa anasikia, kisha akasema nitacheza hivyo hivyo, Siwema angefunga mdomo na kulia kimya kimya. Lakini hakuwa anasikia. Walikuwa wamemchukulia hata hilo.

Alirudi ndani akichechemea. Watu walimpisha. Bwana Kagoma, mwenye banda, aliacha kupanga chupa za soda akamjia.

"Dada Siwema, vipi tena? Unaumwa?"

"Hilali amevunjika mguu."

Maneno yale yalipita mstari hadi mstari, na minong'ono ikafuata. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Mbona anapiga jaramba pale?" Kweli, kwenye kioo kikubwa Hilali alikuwa anaruka akipiga makofi.

"Anapiga jaramba kwa sababu wamemnyima maumivu yake," alisema Siwema. "Ninayo mimi. Nyinyi mnapewa yaliyobaki, mnatekenywa, mnacheka."

"Tumelaumiwa sasa?" alisema yule baba aliyejikuna. "Tumekuja kumwombea dua mtoto wetu."

"Kipindi kimoja tu, dada yangu," alisema Bwana Kagoma kwa upole. "Baada ya hapo atatibiwa na madaktari wakubwa. Utasikiaje wewe, watu wa Kigoma wakija kusema dada yake ndiye aliyetutoa mashindanoni?"

Siwema alifungua vifungo vya vazi lake shingoni. "Haya. Hili linamkaa mtu yeyote. Nani analivaa kipindi hiki kimoja tu?"

Waliokuwa karibu waliangalia chini. Mwanamke mmoja alijifanya kumfunga mwanawe kamba ya kiatu.

"Si wewe ndiye msikizi?" mtu alisema.

"Kumbe," alisema Siwema, akavifunga vifungo vyake, akakaa.

Kipindi cha pili alikisikiliza zaidi ya kukitazama. Nyamizi alimshika mkono, na kila Hilali alipokimbia Siwema aliuminya mkono huo hadi vidole vya mwenzake vikageuka rangi. Hakutaka kupiga kelele. Aliona kelele zake zingekuwa sehemu ya burudani. Simu aliiweka mapajani, imewashwa, na Lwitiko alikuwepo humo, akisikika akipumua.

Kisha krosi ikaja kutoka kushoto. Hilali aliipima, akajipinda, akaipiga hewani kwa mguu wa kulia, mguu ule ule. Mpira ukaingia wavuni kabla kipa hajainua mikono.

Banda likalipuka. Watu walikumbatiana, walilia, Bwana Kagoma alipanda juu ya kreti. Raha ya Hilali ilimwingia kila mmoja, tamu, nzito, ya moto, na ilimwingia Siwema pia. Hilo ndilo ambalo hakulisamehe baadaye, kwamba ilimwingia naye. Alikuwa na furaha kubwa kuliko aliyowahi kuipata maishani mwake, na chini ya furaha hiyo, katika muundi wa mguu, kitu kilichokuwa kikisuguana kikateleza kutoka mahali pake, na ncha yake ikaanza kuchoma nyama kutokea ndani.

Aliinua simu. "Lwitiko."

"Goli la karne, Bi Siwema."

"Mfupa umetoka mahali pake. Mnaona huko kwenu. Usiniambie hamwoni."

Sauti ya Lwitiko sasa ilikuwa ya mtu anayesoma. "Kampuni inafuatilia hali ya mchezaji kwa ukaribu."

"Mwambieni kocha amtoe."

"Kocha ana uhuru wake. Hatuingilii mchezo."

"Basi nakata."

"Bi Siwema, nitakuuliza mara tatu kama sheria inavyotaka. Lakini kabla sijakuuliza, jua hili. Ukikata, utando unafungua njia. Maumivu yote yatamfika kwa mkupuo, yeye aliye huko uwanjani, hajajiandaa. Sasa hivi mdogo wako ana raha kuliko mtu yeyote duniani. Wewe ndiye utakayempa hayo. Si sisi."

Siwema aliyajua hayo maumivu kuliko Lwitiko. Alijua ukubwa wake, alijua yanapoanzia na yanapoishia. Kukata kulikuwa kumtwisha mtoto aliyemlea kitu ambacho yeye mwenyewe, mwanamke aliyezaa mara mbili, alikuwa anakiona hakibebeki. Kwa muda alifikiri: nikiyabeba mimi mpaka filimbi, nitakuwa nimempenda. Angeweza kuyabeba. Halafu Hilali akaanza kukimbia tena kuufuata mpira, akicheka, na ile ncha ikasogea.

"Sikiliza, kijana," alisema. "Mimi simpi kitu. Haya ni yake. Nyinyi mmekuwa mkimwibia, mkayageuza mtekenyo, mkawauzia watu. Mimi namrudishia."

"Unathibitisha mara ya kwanza?"

"Nathibitisha."

"Mara ya pili?"

Nyamizi alimtazama usoni. Bwana Kagoma alikuwa ameshuka kwenye kreti, anakuja, mikono mbele.

"Nathibitisha. Na ya tatu nathibitisha. Mimi Siwema binti Athumani, msikizi wa Hilali, nakata."

Mguu wake ukanyamaza. Ulinyamaza ghafla, mzima, mwepesi, na Siwema akaona aibu kwa nafuu aliyoipata. Katika banda mavazi yote yalilegea mwilini, na watu wakajikuta ni wao tu, wamekaa kwenye mabenchi yao, na joto la mabati, na harufu ya jasho lao wenyewe. Mbele yao ilibaki picha.

Katika picha hiyo Hilali alipiga hatua mbili. Katika ya tatu mguu ulikunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Alianguka, akaushika, akafungua mdomo. Sauti haikuja, kwa kuwa Mshipa walishaacha zamani kuweka vipaza sauti uwanjani, nani alivihitaji. Banda lilimtazama akilia bila sauti, hawasikii kitu miilini mwao, hata unyoya. Yule baba aliyejikuna aligeuza uso ukutani.

Waliotoka pale hawakumpiga Siwema. Lakini Peru walisawazisha, kisha wakafunga la tatu, na filimbi ilipolia mtu alisema kwa sauti ya kutosha kwamba kuna watu hawawezi kuona mwenzao akipanda. Mwingine alisema wivu wa ndugu ni mbaya. Nyamizi alimsindikiza hadi kwake. Njiani hakusema Siwema amefanya vyema, wala hakusema amekosea. Mlangoni alimwambia tu, "Yale mawese yako nitayakamua mimi kesho. Wewe lala."

Asubuhi Lwitiko alipiga kama kawaida yake, akamwamkia kama kawaida yake. Hilali amepasuliwa, alisema, mguu umeokolewa, ingawa kucheza tena ni jambo la kusubiri na kuona. Kisha akakohoa.

"Kuna jambo jingine, Bi Siwema. Vazi lako lilirekodi kipindi chote cha pili bila kulainishwa. Watu wengi sana wameandika wakiomba. Wanataka kusikia ilivyokuwa kweli, lile goli pamoja na mguu wenyewe. Hakijawahi kuwepo kitu kama hicho. Kwa kuwa ulikisikia wewe, kisheria ni mali yako na ya mchezaji. Tunaomba ridhaa yenu."

Siwema alikaa kitandani. Alitafuta tusi, na yote aliyoyajua yalikuwa madogo.

"Jana nilisimama mbele ya watu nikawaomba walivae," alisema hatimaye. "Bure. Mdogo wangu akiwa bado anaweza kuokolewa. Leo mnataka kulitembeza sokoni?"

"Soko ndilo linaloomba, si sisi."

"Lwitiko, una mama?"

"Ninaye."

"Nenda kamweleze kazi yako. Mweleze vizuri, usimfiche kitu. Halafu ndio unipigie."

Hakupiga tena. Jioni ilikuja simu nyingine, ya kawaida, yenye namba ndefu ya ng'ambo, na Siwema aliipokea akiwa amesimama.

"Dada," alisema Hilali. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Mdogo wangu."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisikutafute. Sijakutafuta."

Nyuma ya sauti ya Hilali, Siwema alisikia mashine fulani ikilia taratibu, na watu wakizungumza lugha asiyoijua.

"Tulikuwa tunaongoza," alisema Hilali. "Tulikuwa tunaongoza, Dada."

"Najua."

"Ulikuwa unasikia hivi? Kipindi chote?"

"Kuanzia karibu na mapumziko."

"Hivi hivi?"

"Sasa nitajuaje, Hilali? Sasa hivi unasikia wewe."

Hilali alivuta pumzi, akaikatiza katikati, kama mtu aliyegusa pasipogusika. "Wamenijia hapa kitandani," alisema. "Wanataka kuuza ile rekodi. Wameniletea maua. Niliwaambia maua waweke pale, na wao watoke. Walidhani ni dawa zinanifanya niseme hivyo."

Siwema alijikuta amefunika mdomo kwa kiganja.

"Sijakusamehe," aliendelea Hilali. "Usifikiri nimekusamehe."

"Sijakuomba."

"Sijui kama nitakusamehe."

"Haya."

Alidhani ataaga. Alingoja aage. Badala yake Hilali aliguna, guno refu la chini, la kutoka tumboni, na lilipopita alikuwa anahema.

"Usikate simu," alisema. "Usiseme kitu. Lakini usikate."

Siwema aliketi sakafuni, mgongo ukutani, simu sikioni. Hakusema kitu. Alimsikiliza akiumwa, akitulia, akiumwa tena, mpaka muuguzi alipokuja akaichukua simu mkononi mwa Hilali.